Maneno Yenye Uliweka Chini ya Foto ya Mama Yako

Katwe, Kampala

Murhula, mujukuu wangu,

Jambo sana. Kama barua hii iko mukononi mwako, basi Maman Riziki, yule mama wa kuuza vitenge, amevuka mipaka yote salama na hakuitupa njiani. Mushukuru. Mupe chai na kiti, usimusimamishe kwenye mulango ya biro yako ya kazi kama mutu mwenye anakuja kuomba. Unaamukaje? Kifua yako inasema nini na ile baridi ya ziwa? Hapo Nguba, Bukavu, munalala, ao munasikilizaka milio ya masasi kama zamani? Barua yako ilisema hali iko kalme, shwari. Wewe unaandikaka kalme hata siku bati ya nyumba imetobolewa. Niambie ukweli, mimi si mugonjwa wa roho.

Sisi huku tuko. Magoti yananiuma, lakini yalinileta mpaka hapa, siwezi kuyatukana. Zawadi, mama yako mudogo, anashona nguo za watoto wa shule, machine inapiga kelele kutwa, mwenye nyumba anapiga kelele kuliko machine. Makala ya kupikia iko bei kali. Sokoni nanunua kwa kidole, juu kiganda chao haiingii katika kichwa yangu. Mimi, binti wa Lugendo, mwenye nilikuwa na migomba Nyantende yenye mutu hakuweza kutupa jiwe ikafika mwisho wake, leo nahesabiwa ndizi na mutoto wa soko mwenye hajui mimi ni nani. Wanazifunga ndani ya majani na kuzipika mpaka zinakuwa laini kama chakula ya mutu bila meno. Nakula. Sikatai chakula ya watu. Lakini nakula nikijua mimi ni nani.

Naandika mimi mwenyewe. Zawadi alitaka kuniandikia, nikamunyima kalamu, juu yeye anapunguzaka makali ya maneno yangu. Masista walinifundisha mpaka troisième primaire, darasa ya tatu, kisha baba akasema inatosha. Inatosha kweli, utaona.

Murhula, barua hii si ya salamu tu. Nakuja kwako na neno, na nitalisema lote.

Ulipoandika kunieleza kazi yako, nilifurahi. Ulisema ile asosiasio inatafuta watu wenye walipotea katika vita, na wewe njo unashika paji yao ya internet, na mutu anaweza kuifungua akiwa Bukavu, akiwa Kampala, akiwa Ulaya, akaona foto na majina. Nilimuomba Zawadi anisomee pale mara mbili. Kisha ulisema wazungu wenye wanawasaidia wanauliza kila mara: watu wangapi wamefungua, na wamebaki muda gani mbele ya kuondoka? Na kama watu ni kidogo, musaada itakatika. Basi shefu yako akamuita kijana mwenye alisomea Nairobi, aje awafundishe namna ya kuvuta watu na kuwashika.

Uliniandikia yote yenye alisema, kama mutu mwenye amepata Injili mupya. Neno ya kwanza lazima ishike mutu shingoni. Foto ya kupendeza kuliko zote ikae juu. Usitoe habari upesi, iweke mwisho, ili macho yatembee mpaka chini. Kila wiki badilisha maneno, ili mutu arudi. Na weka ndani yale maneno yenye watu wanaandikaka wakitafuta. Ulisema, "Koko, ni sayansi."

Sikusema ni ujinga. Sokoni Kadutu muuzaji wa sambaza, wale samaki kidogo wa ziwa, anaweka zile nono juu ya kitunga, mutu apite, aone, asimame. Nimeuza, najua. Lakini chini ya zile nono iko sambaza pia, Murhula. Haiko muchanga.

Na kuna kitu ulifanya chema, nitakisema mbele, ili usiseme koko anaonaka mabaya tu. Katika kanisa yetu ya Wakongomani kuko Maman Faida, mutu wa Mudaka, mwenye alipotezana na kaka yake na mudogo wake wakikimbia. Alikuwa anatafuta kwenye ile paji tangu mwanzo, hakuna. Kumbe mulikuwa munaandika tu "territoire ya Kabare", wilaya nzima. Nani anatafutaka ndugu yake kwa jina ya territoire? Kisha wewe na yule kijana wa Nairobi mukaanza kuandika jina ya kilima, jina ya kanisa, na lile jina yenye jirani walikuwa wanamuita mutu. Faida akaenda siber, pale watu wanalipa dakika wakae mbele ya ordinateri, ile kompyuta, akaandika jina ya kilima yao, na uso wa kaka yake ukatokea. Muzima! Iko Bukavu kwa padiri moja, anafanya kazi ya kuchonga vitanda. Faida alilia mpaka mwenye siber akamuletea maji.

Ile siku ya Mungu nilitembea ndani ya kanisa kama mimi njo nilitengeneza ordinateri. Kila mutu mwenye alinisalimia nilimuambia, "Ni mujukuu wangu. Mutoto wa Nsimire." Tangu pale, kwa Wakongomani wa hapa, paji yako ilikuwa kama mudomo wa padiri. Ikisema mutu yuko, yuko.

Shika hiyo, juu njo ilituua.

Unajua tena jambo lingine. Unajua nilikataa kilio ya mama yako. Tangu alienda soko ya Mudaka kununua maharagi na vita ikakata barabara, na yule mama moja akasema alimuona akipanda na watu wengine kuelekea pori, hatukusikia kitu. Mujomba wako Cikuru alisema, "Mama, tukae chini, tulie, tumalize." Nikamuambia: mwili iko wapi? Kaburi iko wapi? Watu wa kilio wanakaa chini, mimi nitabaki juu ya kiti yangu mpaka Nsimire aingie anisalimie. Na nilibaki. Nilikimbia na kitenge yake ya manjano ndani ya mufuko, nikafika nayo Kampala, sikuikunjua hata siku moja. Mutu akinipa pole, nilimuuliza, "Pole ya nini?"

Sasa sikiliza. Juma moja mbele ya sikukuu, Papa Alphonse, mukatekista wetu, alienda siber juu ya mambo yake. Akafungua paji yako. Kule juu kabisa, kubwa kama dirisha, foto ya mama yako, ile ya ndoa ya Cikuru, yenye anacheka mudomo wazi na kitenge ya manjano. Na chini yake: "Habari mpya juu ya Nsimire wa Mudaka! Soma mpaka mwisho." Papa Alphonse alikuwa amelipa dakika kidogo, machine ikafunga mbele afike huko mwisho yenu. Hakungoja. Muzee mwenye miguu mubaya, alikimbia mpaka kwa Maman Jeanine, mukubwa wa wamama wa kanisa.

Unajua desturi yetu, ao umeisahau katika masomo. Mutu mwenye alipotea akirudi, wamama hawaendi kuuliza maswali na mikono mitupu. Wanapika kwanza, kila mutu kwake, kisha wanaingia wote pamoja na nyimbo. Habari wanaiuliza chungu ikisha kutua chini.

Mimi nilikuwa nachagua maharagi. Nikasikia vigelegele, nikafikiri kuko ndoa kwa jirani. Kumbe wanaingia kwetu. Maman Jeanine mbele na bugali, Faida na sombe, wengine nyuma na kuku, na ndizi, na viti ya kuazima juu ya vichwa.

"Maman M'Lugendo, simama, uvae! Mutoto amerudi!"

"Mutoto gani?"

"Eeh! Musikie huyu! Mutoto gani! Nsimire wako! Iko kwa paji ya Murhula!"

"Nani alisema?"

"Papa Alphonse aliona na macho yake mbili. Na mujukuu wako mwenyewe njo aliandika. Sasa ule mutoto anaweza danganya juu ya mama yake?"

Murhula. Ungejibu nini, wewe? Nilisema hapana, hawezi.

Nilitoa ile kitenge. Niliikunjua. Ilikuwa na harufu ya mufuko tu, lakini niliweka pua yangu ndani. Nikaitandika juu ya kiti ya katikati, kiti ya mutu mwenye anarudi, na hakuna mutu alikaa pale. Zawadi tulimutuma siber na mbio, asome mwisho: mama yako iko wapi, iko kwa nani, nani anaenda kumuchukua. Na kule nyuma sisi tuliimba. Nilicheza. Na haya magoti. Maman Jeanine akanichokoza, "Kumbe ulikuwa unatudanganya na kifimbo yako!" Nikamujibu, "Nyamaza, wewe utacheka nikianza kweli."

Kisha Zawadi akasimama kwenye mulango.

"Ulisoma?"

"Nilisoma, mama."

"Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

"Inasema nini?"

Akatazama wale wamama, akatazama ile kiti na kitenge. "Inasema namna asosiasio inafanya kazi. Kisha inasema mpaka leo wanamutafuta, mutu akijua kitu aandike."

"Na habari mpya?"

"Hakuna, mama. Ni maneno tu ya juu."

Nikamuambia arudi asome tena. Hakuenda. Mama moja, kijana bado, akainama kuchukua chungu yake aende, sikumulaumu, haya ilimushika. Maman Jeanine akamukamata mukono. "Acha. Chakula yenye ilipikwa juu ya furaha hairudi nyumbani."

Na yeye akatoka juu ya kiti yake, akakaa chini.

Kwenye sakafu ya sima, na nguo yake ya kanisa. Faida akashuka. Wengine wakashuka, moja kwa moja, viti yote ikabaki mitupu kuzunguka chumba. Zawadi akashuka palepale mulangoni. Nikabaki mimi juu, na ile kiti ya manjano karibu yangu. Hakuna mutu alinivuta, hakuna mutu alinitazama. Waliningoja.

Nilitoa kitenge juu ya kiti, nikaiweka juu ya mabega yangu, nikakaa chini.

Faida njo alianza kulia, yule mwenye alipata wake. Kisha nikasikia mutu analia kwa kimashi, kama wanavyolia kwetu Nyantende, nikafikiri ni mama gani huyu anajua kimashi ya zamani vile. Nilikuwa mimi.

Tulikula ile chakula yote, chini, bila wimbo. Papa Alphonse alikuwa amebaki inje karibu na ukuta, kichwa ndani ya mikono. Nilimupelekea sahani. Kosa haikuwa yake. Yeye aliamini mutu wangu.

Siku zile za kilio zilipoisha, nilimuambia Zawadi anipeleke siber, nione na macho yangu. Mwenye siber aliniketisha. Mama yako alikuwa pale, anacheka. Zawadi akanisomea neno kwa neno, na mimi nilijua hakuna kitu, na bado macho yangu yalitembea mpaka chini. Ulinishika, mujukuu wangu. Ulinishika mpaka mwisho, kama yule kijana alitaka. Kama shefu yako atapelekea wazungu hesabu, muambie mimi niko ndani. Papa Alphonse iko ndani. Zawadi iko ndani, mara mbili. Tulikuja, tulibaki, tulisoma yote.

Una diplome. Haya yako iko wapi? Baba yako alikufa ungali mugongoni, mama yako alibeba mufuko ya maharagi kichwani kutoka Mudaka mpaka mujini ili alipe shule yako, na leo unaweka meno yake dirishani kama dawa ya meno! Angalia na yenye umefanya kwa kazi yako. Faida ameniambia, bila hasira, "Maman, hata wakiandika wamepata na mudogo wangu, sitapika tena." Yeye, mwenye alikuwa anafungua paji yako kila juma! Mutu mwenye anatafuta ndugu yake haombi umuvute, Murhula. Atakuja hata paji iko mubaya, hata hakuna foto. Atakuja leo na kesho. Kitu moja tu itamufukuza, na njo hiyo yenye ulifanya.

Nimekutukana, sasa nitakuambia yenye nilifikiri nikichagua maharagi. Shefu alikuomba foto nzuri. Foto nzuri kwa ile machine ziko nyingi. Wewe ulichukua ile. Na wiki yenye ilifuata ulibadilisha maneno, Zawadi aliona, lakini foto haikushuka. Labda na wewe asubuhi unafunguaka ile paji kama mutu mwingine tu, kuangalia kama kuko habari mpya, na ni wewe mwenyewe uliiandika. Kama ni vile, sikusamehe bado, lakini nakujua. Ni mimi nilikufundisha. Mimi njo nilibaki juu ya kiti, nikakufundisha na wewe kubaki.

Basi fanya hivi. Foto ya mama yako itoke kule juu, iende kati ya wenzake. Kule juu weka kaka ya Faida, kama anakubali, juu yeye alipatikana kweli, na hiyo njo habari. Mutu akifungua ajue palepale huyu alipatikana, huyu alikufa, huyu angali anatafutwa. Majina ya vilima usiyatoe, ile iko kazi nzuri. Na chini ya foto ya mama yako uandike maneno yangu, usipambe, usiongeze:

"Nsimire, binti ya M'Lugendo wa Nyantende, mama ya Murhula. Alienda soko ya Mudaka kununua maharagi, vita ikamukuta njiani, hakurudi. Familia yake imemulilia. Mutu mwenye anajua mahali analala atuambie, twende tupafunike vizuri."

Yote ikae juu, mutu aisome bila kutembea. Kama shefu atakufukuza juu ya hiyo, migomba yangu ingali Nyantende na jembe iko kwa jirani, Papa Ntwali. Jembe haiulizake watu wangapi wamekutazama.

Nisalimie mujomba wako Cikuru. Muambie alisema kweli tangu mwanzo, lakini muambie mara moja tu, asivimbe. Nisalimie muke wake, Maman Neema, mwenye alikulea mama yako alipokosekana. Ampatie mutoto wake wa mwisho busu kwa paji ya uso, ajue koko yake iko. Nisalimie Papa Ntwali, jirani yetu wa Nyantende, akate majani makavu ya migomba mbele ya mvua, na akikamua kasiksi, pombe ya ndizi, aweke kidogo pembeni juu ya Nsimire. Atajua namna ya kuimwanga. Mamako mudogo Zawadi anakusalimia. Papa Alphonse pia, na hana kinyongo.

Na siku utaandika yale maneno, usikae juu ya ile kiti ya biro yenye inazungukaka. Muombe mujomba wako akuje. Yeye alikaa chini zamani, peke yake katika chumba yake, akiniogopa, nilijua. Shusha ile machine chini kwenye sima, ao andika kwanza kwa karatasi. Mimi nimeshuka, Zawadi ameshuka. Katika nyumba yetu umebaki wewe tu juu ya kiti.

Kaa chini, mutoto wangu. Kisha andika.

Miye, mama ya Nsimire,
koko yako M'Lugendo